Pakiti Zilizoshiba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, ile ya kweli, inayopiga mabati ya ghala mpaka watu wanazungumza kwa ishara. Huko juu Gesima makarai na vikapu vimejaa majani mabichi, viwanda havilali, na magunia yanatufikia mjini Kisii kila kukicha. Tunafungasha tangu asubuhi hadi karibu na futari. Mfungo ndio kwanza umeanza na tayari miguu yangu si yangu.

Naandika kwa sababu siku ikiisha sina wa kuzungumza naye. Baba anaingia kulala mapema. Mdogo wangu Uzair, aliyerudi Januari baada ya kusomea kompyuta Nairobi, anazungumza na simu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kazi. Kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Machi

Uzair ameweka programu mpya ya kuchapa lebo kwenye kompyuta ya mashine. Wenyewe wanaiuza ghali, yeye kaipata bure kwenye intaneti, na amefurahi kama aliyeokota ng'ombe. Baba naye kafurahi, maana sasa lebo zetu zina picha ya kilima cha chai na jina letu kwa herufi za dhahabu.

Ametoa pia ile mizani ya mezani tuliyokuwa tukijaribia pakiti moja moja kila asubuhi, akaipeleka dukani kwetu. "Hodan, mashine inajipima yenyewe," ameniambia. "Uzito uko hapo kwenye skrini. Mnapima mara mbili ya nini?"

Mama Sheila alimtazama akiibeba mizani. Jina lake ni Jacinta, ila hapa kazini tunamwita kwa jina la binti yake. Ndiye anayefungua magunia na kuendesha mashine. Anatoka Birongo, na yuko nasi tangu nikiwa msichana wa shule, wakati Baba akifungasha chai kwa kijiko na mshumaa wa kuchomea nailoni. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenisuka nywele za kwenda shule.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme umepotea mara tatu. Nimefuturu kwa tende na maji, nikalala na viatu.

Jumatano, 19 Machi

Kuna jambo. Magunia yanaisha kabla ya wakati wake. Gunia lililokuwa likitupa pakiti za kutosha katoni sita linakomea katikati ya katoni ya sita. Nimerudia kuangalia, nikidhani ni mimi na njaa yangu ya mchana. Si mimi.

Nimemwambia Baba. Ameacha kuvuta tasbihi, akauliza, "Ni nani anayekaa na magunia?"

Anajua ni nani.

Jumatatu, 24 Machi

Bado yanapotea. Uzair amekagua rekodi za mashine, akamwonyesha Baba kwenye simu yake: kila pakiti ina uzito ule ule, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. "Mashine haina kosa," amesema. "Kwa hivyo majani yanatoka kabla hayajaingia kwenye mashine."

Maneno yamepangika vizuri. Yamenikera kwa kupangika huko.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimekaa na Mama Sheila wakati wa chakula chake cha mchana. Amenigeuzia mgongo kidogo ili nisimwone akila, kama afanyavyo kila mwaka tukifunga.

"Dada Hodan," akasema, "kuna maneno inazunguka hapa?"

"Maneno gani?"

"Mzee hanisalimii. Asubuhi nimemwambia *bwakire*, akapita kama nimekuwa ukuta."

Nikamwambia Baba amechoka na mfungo. Akafunika bakuli lake. Baadaye akasema kompyuta siku hizi inachoma kama jiko na feni yake inalia siku nzima, labda mtu aiangalie. Nilimwambia Uzair. Akasema ni joto la watu wengi ndani ya chumba kidogo.

Joto gani, katika mvua hii?

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumeswali msikitini mjini, uwanja umejaa maji. Mama Sheila ametutumia ndizi mbivu na kuku kupitia binti yake, kama kila mwaka. Baba amesema kuku apewe jirani. Nimempika mimi, nikamla mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaiandika siku hii ilivyokuwa, ingawa mkono hautaki.

Jioni, wafanyakazi wakitoka, Baba alikuwa amesimama langoni na mwavuli wake, Uzair kando yake. Baba akasema leo kila mtu atafungua mkoba. Uzair akawapekua wanaume. Wanawake nikaambiwa niwapekue mimi.

Walipita mmoja baada ya mwingine, mvua ikiwanyeshea. Wengine walicheka cheka. Mama Sheila alikuwa wa mwisho. Alifungua mkoba wake kabla sijamwambia, akaushika wazi kwa mikono miwili kama mtu anayekusanya sadaka. Ndani mlikuwa na leso, rozari, nusu mkate, na majani ya chai yaliyofungwa kwenye gazeti.

Baba aliyaona kabla yangu. "Na hayo?"

"Ni ya kufagia, Mzee," akasema. "Yale ya chini ya mashine."

Kweli. Ni mimi niliyewaruhusu, miaka mingi sasa, wagawane majani yanayoanguka sakafuni, maana hayauziki. Nikasema, "Baba, hayo ni ya sakafuni. Mimi ndiye niliyewapa ruhusa."

"Leo ya sakafuni," Baba akasema. "Na ya guniani?" Kisha akapaza sauti, wafanyakazi wote wakiwa bado wamesimama barabarani wakitazama. "Nimekula na wewe miaka yote hii, Jacinta! Kumbe nalisha mwizi!"

Hakulia. Alinitazama mimi, si Baba. Alikuwa akisubiri niseme tena. Nilifungua kinywa, na neno la pili halikuja. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na baridi, nilimwogopa Baba kama mtoto, nami ni mwanamke wa miaka arobaini.

Akayatoa yale majani, akayaweka juu ya jiwe la lango, akafunga mkoba. "Sawa, Mzee. Mungu yuko." Akashuka kuelekea stendi. Mvua ilikuwa imeshalowesha lile gazeti, na maji ya chai yakawa yanachuruzika kwenye jiwe.

Jumatano, 9 Aprili

Naendesha mashine mimi mwenyewe. Mgongo.

Jumanne, 15 Aprili

Majani bado yanapotea.

Nimekaa na magunia peke yangu tangu alipoondoka. Nayafungua mimi, nayamimina mimi, ufunguo wa ghala uko shingoni mwangu. Na bado gunia linaishia katikati ya katoni ya sita. Leo limeishia kabla ya hapo.

Nimeingia kwa Baba, nikamwambia, "Basi na mimi ni mwizi."

Akasema huenda Jacinta aliacha mwenzake humu ndani. Nikamuuliza mwenzake ni nani, kama si mimi. Akageukia ukutani. Amezeeka mwezi huu. Nilitaka kumkasirikia, nikaishia kumfunika blanketi miguuni.

Jumanne, 22 Aprili

Dereva wetu anaumwa, kwa hivyo nimepeleka mzigo Nyamarambe mimi mwenyewe na pikapu. Barabara ni uji mtupu. Duka la mwisho ni la Masese, mzee mcheshi ambaye amenunua kwetu tangu enzi za kijiko. Alinipokea kwa vicheko.

"Hodan! Mwambie Mzee Jaffer asante sana. Siku hizi amekuwa na roho safi."

"Kwa nini, Mzee Masese?"

"Hizi pakiti zenu! Zimeshiba. Wateja wanazichagua hizi wanaacha zingine. Mama mmoja ameniambia zenu zinachemsha chai mpaka siku ya ziada."

Nilidhani ananitania. Nikachukua pakiti moja rafuni, nikaibonyeza. Kweli ilikuwa imevimba, karatasi imekaza kama tumbo la mtoto aliyekula ugali. Nikamwomba mizani yake ya sukari. Nikaipima. Nikapima nyingine. Nikapima rafu nzima, Masese akinitazama na kicheko kikimwisha polepole.

Zote zilikuwa zimezidi. Hakuna iliyozidi sana. Kidogo tu, kiasi cha kubana kwa vidole, lakini kila moja.

Nikakaa juu ya kreti ya soda. Hakuna aliyeiba chochote. Majani yetu yalikuwa yakitoka kwa mlango wa mbele, ndani ya pakiti zetu, yakiwa na jina letu kwa herufi za dhahabu, na watu wa Nyamarambe walikuwa wakiyanywa na kutuombea dua.

"Kuna shida?" Masese akauliza.

Nikamwambia ndiyo, iko shida, lakini si yake.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemleta Ogeto, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Uzair alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Ogeto hakuchukua muda. Alifungua kitu hiki, akafungua kile, akauliza ni nani aliyeweka programu ya lebo na ameitoa wapi. Uzair akasema, "Intaneti." Ogeto akatikisa kichwa bila dharau, kama daktari aliyeona kidonda hicho hicho kwa wagonjwa wengi.

"Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo," akanieleza. "Sisi tunaiita loda. Yenyewe haiibi, haiharibu. Ni kama wale vijana wa kupakia lori, kazi yake ni kuleta mzigo. Ikishaingia inajificha, inapigia wenyewe huko nje, inaambiwa leta hiki, leta kile. Hapa imeleta programu kubwa inayotumia kompyuta yenu kutengenezea watu wengine pesa za mtandaoni. Mchana na usiku. Ndiyo maana inachemka."

"Na majani?" nikauliza.

"Mashine inamimina, mizani inahesabu, kompyuta ndiyo inasema funga. Sasa kompyuta iko na kazi ya watu. Inasema funga ikiwa imechelewa. Kidogo tu, huwezi kuona kwa macho. Lakini majani hayangoji."

"Skrini inaonyesha uzito sawa."

"Skrini inaandika kile iliagiza. Haijui kilichoanguka."

Akashauri tuchomoe waya wa intaneti sasa hivi, tufute kila kitu, tuanze upya, kwa sababu aliyeleta mzigo mmoja anaweza kuleta mwingine. Uzair akasema ataisafisha mwenyewe, hana haja ya mtu wa kibandani kumfundisha. Baba akasema tumwachie Uzair, ni kazi aliyosomea.

Nilikuwa na nguvu ya kugombana na mmoja tu. Nikamchagua Baba. Nikamwambia, "Mama Sheila hakuiba." Akasema, "Nimesikia." Nikamwambia tena. Akasema amesikia.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzigo wa pili umefika.

Asubuhi nimewasha mashine, skrini nzima nyekundu. Maandishi ya Kiingereza yanasema kila kilichomo kimefungwa, ufunguo wanao wao, na wanataka kulipwa. Orodha ya wateja, oda, lebo, vipimo vya mashine, vyote. Uzair alikuwa ameifuta ile programu kubwa, akaona feni imetulia, akarudisha waya wa intaneti. Kile kidogo hakukiona. Kilikuwa kimekaa kimya kikisubiri kuitwa.

Baba alikuja na fimbo yake, akatazama ule wekundu. "Wanasema nini?"

Uzair akamsomea. Alipofika mwisho sauti ilikatika. Akaketi sakafuni pale pale, juu ya vumbi la chai, akiwa na shati lake jeupe. "Ni mimi, Baba," akasema. "Tangu mwanzo ni mimi. Na yule mama alisema mapema kwamba inachemka."

Mimi ndiye aliyeambiwa kwanza, na sikufuatilia, lakini sikutaka kumpokonya Uzair zamu yake ya kusema.

Baba hakumfokea. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia. "Jacinta anakaa sehemu gani ya Birongo?"

Jumanne, 29 Aprili

Nimetangulia mimi. Baba magoti hayamruhusu.

Nimemkuta shambani kwake akichuma chai, kikapu mgongoni, nailoni ya bluu kiunoni. Hakusimama aliponiona. Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, nami nikamfuata kati ya miti nikiteleza na viatu vyangu vya mjini.

Nilimweleza yote. Mashine, loda, Masese, skrini nyekundu. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo ni kompyuta."

"Ni kompyuta. Na ni sisi."

"Dada Hodan." Sasa akasimama. "Unajua hapa jumuiya yetu ya kanisa mimi ndiye nilikuwa mweka hazina? Wiki ile ile wamama walikuja kwangu watatu, kwa upole tu, wakasema nipumzike kidogo. Hawakusema sababu. Kuna mtu wa hapa alikuwa pale barabarani siku ile. Sheila ameulizwa shuleni kama mama yake amefungwa."

Nikasema naomba msamaha. Nikasema nilipaswa kusema mara ya pili.

"Ulisema mara moja," akajibu. "Nilisikia. Mimi nilikulea, ninajua ukiogopa unakaa aje." Akatupa majani kikapuni. "Wewe nimekusamehe hata kabla nifike stendi. Lakini maneno hayakutoka kwako. Yametoka kwa Mzee, na yamefika hapa. Basi yeye ayafuate mpaka hapa."

Alhamisi, 1 Mei

Ogeto amefuta kompyuta yote. Hatukuwalipa wale watu. Orodha za wateja tunaziandika upya kutoka vichwani. Mizani ya mezani imerudi.

Jumapili, 11 Mei

Tumeenda. Jumuiya yao hukutana Jumapili alasiri, zamu hii kwenye nyumba ya mama mmoja juu ya kilima. Pikapu ilikwama chini. Nikamwambia Baba tungoje vijana wasukume. Akasema hapana, akashuka.

Sijui niandikeje ule mwendo. Alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Kila hatua aliguna. Kanzu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Tulipokaribia, nyimbo zilikatika uani, wanawake wakageuka kututazama, na mmoja akakimbia kuleta kiti.

Baba alikikataa. Akasimama mbele yao na kuzungumza Kikisii. Alizaliwa mjini hapa, na anakijua kuliko mimi, lakini sijawahi kumsikia akikizungumza hivyo, polepole, akitafuta kila neno.

"Nilimwita mama huyu mwizi mbele ya watu. Hakuiba. Majani yalipotea kwa makosa ya nyumba yangu, na mtoto aliyekosa ni wangu. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaamua. Nimekuja kulisema hapa kwa sababu najua maneno yangu yalifika hapa kabla yangu."

Maji yalidondoka kwenye migomba. Kisha mwenyekiti wao, mama mkongwe, akasema, "Tumekusikia, *omogaka*, mzee wetu. Sasa kaa, utaanguka." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. Baba akakaa.

Tukapewa chai. Nikamwona Mama Sheila akimpelekea Baba kikombe kwa mikono miwili, kama zamani.

"Rudi kazini, Jacinta," Baba akamwambia. "Mashine ni yako. Masharti useme wewe."

Akafikiri. Alifikiri kweli, haikuwa adabu tu. "Mzee, nashukuru umepanda hiki kilima. Hiyo sitasahau. Lakini sirudi. Nikirudi, kila jioni nikifika kwa lango nitafungua mkoba kabla mtu aniambie. Najijua. Sitaki kuwa mtu wa aina hiyo."

Baba akatazama chini ndani ya kikombe. "Ni haki yako," akasema.

Kushuka kulikuwa kugumu zaidi kuliko kupanda.

Jumanne, 13 Mei

Uzair hakuonekana mchana kutwa. Amerudi jioni, suruali imejaa udongo mwekundu wa Birongo. Nilimuuliza amesema nini. "Nilimwambia ni mimi," akajibu. "Akanipa jembe, akasema nimalize ule mstari." Akaenda kuoga.

Mimi nilikuwa nikimwona mdogo wangu kama mtu asiyesikia. Huenda alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu anayemheshimu.

Jumanne, 20 Mei

Baba homa, baada ya ile mvua. Anaendelea vizuri. Mvua inapungua.

Jumanne, 27 Mei

Leo nimepigiwa simu na mama mmoja, meneja wa mahali pa kufungasha chai upande wa Nyamira. Sauti ya haraka, ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Kuna mama anaitwa Jacinta, ameomba kazi ya kuendesha mashine. Amenipa namba yako. Anasema mmefanya kazi pamoja muda mrefu."

Amempa namba yangu.

"Ndiyo," nikasema.

"Kazi anaijua, nimemjaribu. Swali langu ni moja tu. Ni mwaminifu? Unajua mambo ya magunia."

Ningeweza kusema ndiyo na kukata simu, na ingetosha. Badala yake nikamwambia yote. Kwamba majani yalipotea, kwamba tulimpekua langoni mbele ya watu, mikono ikiwa yangu, kwamba tulimwita jina asilostahili, na kwamba majani yalikuwa ndani ya pakiti zetu wenyewe. Nikamwambia Baba alipanda kilima kumwomba radhi, naye akakataa kurudi.

Nikamsikia yule mama akifunga mlango upande wake.

"Kwa nini unaniambia haya yote?"

"Kwa sababu siku moja mtu atakwambia nusu yake. Nataka uwe umeshasikia nzima, kutoka kwetu."

Akapumua. "Basi nitamwambia aanze Jumatatu."

Nikabaki na simu mkononi, nikijua nimetoka kumpa mtu mwingine mfanyakazi bora tuliyewahi kuwa naye. Kutoka ndani Uzair aliniita: gunia lilikuwa limekwisha, na alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa lingine. Nikaenda nikalishika.